Kiwanda cha Korosho Kinapokosa Korosho

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Januari, mikoa ya Mtwara na Lindi pamoja na wilaya ya Tunduru mkoani Ruvuma huuza nje ya nchi sehemu kubwa mno ya korosho zake zikiwa bado kwenye maganda. Hupita kwenye maghala ya vyama vikuu vya ushirika, huuzwa kwa mnada, kisha husafirishwa India na Vietnam, ambako hubanguliwa, hupangwa madaraja na kuuzwa tena Marekani, Ulaya na Uarabuni. Katika misimu mingi, korosho zinazobanguliwa nchini Tanzania hazijafika hata moja ya kumi ya mavuno. Viongozi wa awamu mbalimbali wameahidi kuibadilisha hali hiyo, na lengo lao ni sahihi. Hata hivyo, mjadala wa korosho umezunguka kwa muda mrefu kwenye majengo, mashine na amri za kuzuia, huku jambo linaloamua hatima ya kiwanda likitajwa kwa nadra: ni nani mwenye fedha za kununua, ndani ya wiki chache, korosho za kubangua mwaka mzima, na fedha hizo zinamgharimu kiasi gani.

Ipo hesabu moja inayorudiwa majukwaani na ambayo inapotosha. Husemwa kwamba kilo moja ya korosho ghafi huuzwa kwa dola moja na ushee, wakati kilo moja ya korosho karanga, yaani punje iliyokwisha kubanguliwa, huuzwa kwa dola sita au zaidi, hivyo taifa hupoteza thamani mara nne. Kinachosahaulika ni kwamba ili kupata kilo moja ya korosho karanga huhitajika kilo nne hadi tano za korosho ghafi, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito ni ganda. Tuchukue mfano wa kukadiria tu: korosho ghafi ikinunuliwa kwa shilingi 3,000 kwa kilo, kilo nne na nusu zitagharimu shilingi 13,500, na korosho karanga inayotoka humo ikiuzwa kwa dola sita na nusu, kwa dola moja kuwa shilingi 2,500, mapato ni shilingi 16,250. Kinachobaki ni shilingi 2,750 kwa kila kilo ya korosho karanga, na humo ndimo zimo mishahara, umeme, vifungashio, usafiri, riba ya benki na hasara ya punje zinazovunjika, ambazo bei yake ni ya chini kuliko ya punje nzima. Ubanguaji, kwa maneno mengine, ni biashara ya faida nyembamba. Faida nono ipo mbele zaidi, kwenye kukaanga, kutia chumvi, kufungasha kwa nembo na kuwafikia wenye maduka.

Sisemi haya kuudharau ubanguaji. Thamani yake kubwa ni ajira, na ajira hizo huwa za wanawake zaidi, katika mikoa ambayo nje ya kilimo ina kazi chache za mshahara. Thamani nyingine ni kwamba mkulima akiwa na wanunuzi wa aina mbili, wa ndani na wa nje, hategemei tena hali ya bei ya Ho Chi Minh City huko Vietnam peke yake. Lakini biashara ya faida nyembamba haivumilii makosa ya sera, na hiyo ndiyo sababu historia ya viwanda vya korosho Tanzania imejaa majengo yaliyofungwa.

Mwanzo wa historia hiyo ulikuwa wa matumaini makubwa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000, ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani, na karibu korosho zote zilizouzwa ghafi zilikwenda India. Serikali iliamua, kwa haki kabisa, kwamba nchi inayovuna kiasi hicho haipaswi kutegemea mnunuzi mmoja. Vikajengwa viwanda 12 vyenye uwezo wa kubangua takribani tani 113,000 kwa mwaka, kwa mikopo ya nje ikiwamo ya Benki ya Dunia, na kwa mitambo iliyonunuliwa Italia na Japani. Wakati viwanda vikijengwa, zao lenyewe lilikuwa likiporomoka. Kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa kuliwaacha wakulima mbali na mikorosho yao, bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo kiasi cha kumvunja moyo, na ugonjwa wa ubwiri unga ulishambulia maua. Katikati ya miaka ya themanini mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Viwanda vingine havikuwahi kufanya kazi kama ilivyokusudiwa, lakini mikopo ilibaki deni la taifa. Katika ubinafsishaji uliofuata vikauzwa, na kadhaa kati yake vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli.

Zao lilifufuka bila viwanda kufufuka. Utafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, ulileta matumizi ya salfa dhidi ya ubwiri unga na miche bora, na mavuno yalipanda hadi tani 313,000 hivi msimu wa 2017/18, kisha, baada ya miaka ya mtikisiko, yakavuka tani 500,000 msimu wa 2024/25. Korosho hizo zina sifa ambayo wanunuzi huithamini kuliko sisi wenyewe tunavyoisema. Afrika Magharibi, India na Vietnam huvuna kati ya Februari na Juni. Tanzania na Msumbiji huvuna mwishoni mwa mwaka, wakati maghala ya Asia yamepungukiwa. Kiwanda cha Vietnam kinachotaka kuendelea na kazi Januari na Februari hununua Mtwara, na kwa sababu hiyo bei ya korosho ya kusini mwa Tanzania mara nyingi huizidi ya Afrika Magharibi.

Hapo ndipo kiini cha tatizo kinapoonekana. Mnunuzi wa Asia huchanganya misimu: akimaliza za Tanzania hununua za Côte d'Ivoire, za Kambodia na za nchini kwake, kwa hiyo hahitaji kuweka akiba ya miezi 12. Kiwanda cha Masasi au Newala kina msimu mmoja tu. Kisiponunua kati ya Oktoba na Desemba, hakina pa kununua Aprili. Kiwanda cha wastani chenye uwezo wa tani 5,000, kwa bei ile ile ya mfano, kinahitaji shilingi bilioni 15 mkononi katika kipindi kifupi, kabla hakijauza hata katoni moja. Mkopo huo ukipungua taratibu kadiri korosho zinavyobanguliwa na kuuzwa, wastani wa deni katika mwaka ni nusu yake, yaani bilioni saba na nusu. Kwa riba ya asilimia 15, ambayo si ngeni kwenye mikopo ya kibiashara nchini, riba peke yake ni shilingi bilioni 1.125, au kama shilingi 1,000 kwa kila kilo ya korosho karanga. Kati ya zile shilingi 2,750 zilizobaki, zaidi ya theluthi imekwenda benki. Mshindani anayekopa kwa asilimia sita analipa shilingi 400 hivi.

Na huyo ni yule aliyefanikiwa kupata mkopo. Benki inapoombwa bilioni 15 na kiwanda ambacho dhamana yake ni jengo la mabati Mtwara na mitambo isiyo na mnunuzi mwingine, jibu la kawaida ni kutoa sehemu ndogo. Kiwanda hununua korosho za miezi mitatu au minne, hubangua, hufunga milango na kuwarudisha wafanyakazi nyumbani. Mitambo iliyolala miezi minane bado inadai kodi, ulinzi na matengenezo, na mfanyakazi aliyefundishwa kutovunja punje hutafuta kazi nyingine, kiasi kwamba kila msimu huanza na mikono mipya isiyozoea kazi. Wanaosema kwamba wabanguaji wa Tanzania hawana ufanisi wanaona matokeo ya jambo hilo na kuyaita sababu.

Serikali haikukaa bila kufanya lolote. Chombo chake kikuu ni tozo ya mauzo ya korosho ghafi nje ya nchi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa asilimia 15 ya thamani ya korosho iliyopakiwa melini au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa kati ya hizo. Anayebangua nchini hailipi. Kwa maandishi, hiyo ni kinga nene: katika mfano wetu ni kama shilingi 2,000 kwa kila kilo ya korosho karanga, zaidi ya mara tatu ya pengo la riba kati yetu na mshindani. Lakini kinga hiyo humfaa tu mwenye korosho za kubangua. Asiyeweza kununua hafaidiki na tofauti ya bei kwenye bidhaa ambayo hanayo.

Lililo zito zaidi ni swali la nani anailipa tozo hiyo. Kwenye karatasi anayelipa ni msafirishaji. Katika mnada, mnunuzi huanzia kwenye bei ya Vietnam, akaondoa nauli ya meli, gharama za bandari, faida yake na tozo, kisha kinachobaki ndicho anachokitaja kama bei. Kwa kuwa hawezi kumpandishia bei mbanguaji wa Vietnam anayeweza kununua kwingine, sehemu kubwa ya mzigo hushuka hadi kwa mkulima wa Tandahimba. Mkulima, basi, amekuwa akichangia kinga ya viwanda ambavyo havipati malighafi. Mchango huo unaweza kuhalalishwa ikiwa tu fedha zinarudi kwenye zao, na ndiyo maana mabadiliko ya Juni 2018, yaliyofuta mgawo wa asilimia 65 uliokuwa ukienda kuendeleza zao la korosho na kupeleka tozo yote kwenye mfuko mkuu wa serikali, yalizua mjadala mkali bungeni. Wabunge wa kusini waliopinga, wakiwamo wa chama tawala, walikuwa na hoja nzito kuliko walivyosikilizwa. Kwa miaka iliyotangulia fedha hizo zilikuwa zikigharamia salfa na miche, na salfa isipofika kwa wakati ubwiri unga hausubiri bajeti ya ziada.

Miezi michache baadaye ikaja misukosuko ya msimu wa 2018/19. Msimu uliotangulia bei ilikuwa imepita shilingi 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada. Oktoba 2018 wanunuzi walikuja na bei zilizokuwa chini ya shilingi 3,000, na wakulima wakagoma kuuza. Novemba, Rais John Magufuli aliwaondoa mawaziri wawili, wa kilimo na wa biashara, akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakapelekwa kusini kuzisomba. Nia ya kumlinda mkulima sitaitilia shaka, na hasira dhidi ya bei ya kunyonya ilikuwa na msingi. Lakini bei ya dunia ilikuwa kweli imeshuka, na viwanda vilivyokuwa vikifanya kazi nchini havikuweza kubangua hata robo ya mavuno. Serikali ikajikuta katika nafasi ile ile ya kiwanda cha Masasi, ikiwa na mzigo wa mwaka mzima ulionunuliwa kwa mkupuo na bila njia ya haraka ya kuugeuza kuwa fedha. Januari 2019 ulisainiwa mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja ya Kenya ambayo haikuweza kulipa, na mkataba ukavunjwa. Malipo ya wakulima wengi yalichelewa kwa miezi, uhakiki wa mashamba uliokusudiwa kuwanasa walanguzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kinyemela kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, ukawaumiza pia wakulima halali, na mapato ya fedha za kigeni yaliyokuwa yamevuka dola milioni 500 mwaka 2017 yakaporomoka.

Majirani wametufundisha mengine. Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ilishurutishwa na Benki ya Dunia katikati ya miaka ya tisini kupunguza kodi ya kusafirisha korosho ghafi, kwa hoja kwamba mkulima angepata bei bora. Viwanda vilifungwa, maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi, na nafuu iliyomfikia mkulima ilikuwa ndogo kwa sababu mlolongo wa wafanyabiashara wa kati ulibaki na sehemu kubwa. Mwaka 1999 bunge la huko likairudisha kodi hiyo katika kiwango cha kati ya asilimia 18 na 22. Kenya ilikwenda njia ya pili, ikapiga marufuku usafirishaji wa korosho na makadamia ghafi mwaka 2009. Kwa korosho, marufuku hayo yalikuta mikorosho ya Kilifi na Kwale imezeeka na bei ikiwa duni, na hayakumpa mkulima sababu ya kupanda miti mipya. Kufungua mlango wote kuliviua viwanda, na kuufunga wote hakukulifufua zao.

Mfano unaostahili kusomwa kwa makini ni wa Vietnam yenyewe, kwa sababu mafanikio yake hayatokani na miti. Mwaka 2023 iliuza zaidi ya tani 600,000 za korosho karanga zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.5, ilhali mashamba yake hayawezi kutoa hata robo ya malighafi inayohitajika kwa kiasi hicho. Ilijenga watengeneza mashine wa ndani, ikaruhusu malighafi kuingia bila vikwazo, na mabenki yake yakazoea kukopesha dhidi ya mzigo uliomo ghalani au baharini. Côte d'Ivoire, ambayo sasa ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote kwa zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, imeongeza ubanguaji kwa kasi kwa kumlipa mbanguaji ruzuku kwa kila kilo ya korosho karanga anayoiuza nje, kumwondolea ushuru wa mitambo na kuweka utaratibu wa kumpatia malighafi. Jambo la kuzingatia katika ruzuku hiyo ni kwamba hulipwa baada ya kazi kufanyika. Mwenye jengo lisilobangua hapati kitu.

Ukilinganisha na vivutio ambavyo tumekuwa tukimwonesha mwekezaji wa nje, tofauti inajitokeza. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022, iliyofutwa mwaka 2025, na taratibu za maeneo maalumu ya kiuchumi za wakati huo zilijengwa zaidi juu ya misamaha ya ushuru wa mitambo, nafuu za kodi na ardhi yenye miundombinu, na kongani ya viwanda ya Maranje mkoani Mtwara ni tunda la fikra hiyo. Ardhi na umeme vinahitajika. Lakini nafuu ya kodi ya mapato haimsaidii anayeshindwa kupata faida kwa kukosa malighafi, na kadiri vivutio vinavyoegemea mwanzo wa mradi ndivyo vinavyomvuta mtu wa kufungua kiwanda kuliko mtu wa kukiendesha. Mwekezaji wa Kivietnamu au Kihindi anayekuja na mnunuzi wake Ulaya na mkopo wake wa riba nafuu ni wa kukaribishwa kwa mikono miwili, maana analeta hasa vile tulivyovikosa. Masharti ya kumwekea yahusu tani anazobangua kila mwaka na watu anaowaajiri kwa miezi yote 12, na nafuu zake zifuate vipimo hivyo.

Kwa mbanguaji wa ndani, nyenzo tayari tunayo na tumeitumia nusu. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, unatambua kisheria mzigo uliomo ghalani kama mali inayoweza kuwekwa dhamana. Sisi tumeufanya zaidi kuwa njia ya kukusanya mzigo kwa ajili ya mnada, ambao tangu msimu wa 2024/25 unaendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Hakuna kinachozuia kiwanda kununua tani zake 5,000 mnadani kwa bei ile ile anayolipa msafirishaji, kuziacha kwenye ghala lililosajiliwa chini ya ulinzi wa benki, na kuzitoa kidogo kidogo kadiri kinavyolipa. Benki inabaki imeshika korosho ambazo zina soko duniani kote, badala ya kushika jengo. Kilichokosekana ni fedha za riba nafuu za kuanzishia. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni moja kuwezesha mabenki kukopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, na mtaji wa msimu wa ubanguaji unastahili kuingizwa kwa jina kwenye utaratibu wa aina hiyo, huku sehemu ya tozo ya korosho ghafi ikiwekwa kama dhamana ya hasara ya kwanza, yaani fedha za kufidia hasara kabla ya fedha za benki kuguswa. Hapo mchango wa mkulima ungegusa mahali kiwanda kinapokwama.

Hatari ya utaratibu huu ni kujitokeza kwa wabanguaji wa jina, watakaochukua korosho za mkopo nafuu na kuzisafirisha ghafi kwa mlango wa nyuma. Ndiyo sababu mzigo usitoke ghalani bila hesabu ya korosho karanga zilizotokana na mzigo uliotangulia, hesabu ambayo ni rahisi kuikagua kwa kuwa uwiano wa ghafi na karanga hupimwa kila mnada. Sikubaliani, hata hivyo, na pendekezo linalosikika mara kwa mara kwamba wabanguaji wauziwe kwa bei ya chini ya mnada. Mkulima ameshalipa kupitia tozo, na kumtoza mara ya pili kutamrudisha kwa kangomba.

Vyama vikuu vya ushirika vinavyojenga viwanda vyake, kama TANECU inayowahudumia wakulima wa Tandahimba na Newala, vina nafasi ya pekee, kwa kuwa korosho tayari zimo mikononi mwa wanachama wao. Vinaweza kubaki na sehemu ya mavuno bila kukopa fedha zote za kuinunua, ikiwa wanachama watakubali kulipwa kiasi sasa na kiasi baada ya kubangua. Wanaopendekeza hivyo wakumbuke Liwale, Aprili 2013, ambako wakulima walioahidiwa malipo ya pili na kupewa pungufu walichoma nyumba za viongozi. Makubaliano ya aina hiyo yanahitaji kupigiwa kura na vyama vya msingi kabla ya Oktoba, yakitaja kwa maandishi kiasi cha malipo ya kwanza, tarehe ya mwisho ya malipo ya pili, na benki inayodhamini kwamba mkulima hatapokea chini ya bei ya mnada wa siku aliyotoa korosho zake.